Muhogo Ukichimbwa Hadharani



Mazungumzo yetu ya leo tunayaelekeza Wambaa. Kwa ndugu zetu wa Unguja na wa bara wasiopajua, Wambaa ni kijiji cha Wilaya ya Mkoani, kisiwani Pemba, upande ule wa magharibi unaotazama Misali. Ni Pemba ile ile tunayoijua: vilimani mikarafuu na minazi, mabondeni mpunga, na kila penye nafasi pana muhogo. Mchele ukiadimika, muhogo upo. Bahari ikichafuka dau lisitoke, muhogo upo.

Sasa kuna swali linaloulizwa barazani, Wambaa na kwengineko. Watu huitwa siku ya wakulima. Wataalamu huja na gari, sheha hukusanya watu chini ya mwembe, hotuba husomwa, picha hupigwa, kisha gari huondoka na vumbi hutulia. Je, hapo mkulima amepata nini? Na mtaalamu naye, amepata nini zaidi ya picha?

Swali hilo lina haki ya kuulizwa, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Tutalijibu kwa historia, kwa sababu visiwa vyetu vimeona namna mbalimbali za mtaalamu na mwananchi kukutana, na nyengine zilimwaga damu.

Tuanze na mbata. Mwezi wa Februari 1936, mjini Unguja, palizuka ghasia mahali pa kukagulia mbata. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sheria ya kukagua mazao kabla ya kuuzwa nje. Mbata isiyokauka vizuri ilikataliwa. Hoja yenyewe ya kitaalamu ilikuwa ya kweli. Kila mwenye minazi anajua kwamba mbata yenye unyevu huota ukungu, na mafuta yake huharibika. Lakini ukweli huo ulimfikia mwenye mbata kwa sura ya mkaguzi na sheria. Alibeba mzigo wake mpaka mjini, akaambiwa rudi nao. Watu waliuawa siku ile, raia na watu wa serikali, na yote yalianzia kwenye nazi iliyokaushwa.

La mbata tulipite. La ng'ombe ndilo lenye mafunzo mengi zaidi.

Nje kidogo ya mji wa Unguja, karibu na kiwanja cha ndege, pana Kiembe Samaki. Mwaka 1951 ulitokea ugonjwa wa kimeta. Kimeta si ugonjwa wa mzaha. Ng'ombe aliyekuwa akila majani asubuhi huonekana kafa jioni, damu inamtoka puani na nyuma, nyeusi, haigandi. Akichunwa, anayemchuna anaweza kuambukizwa. Akizikwa vibaya, vijidudu hukaa katika udongo miaka na miaka. Mabwana mifugo wa wakati ule walijua yote hayo, na walijua kwamba dawa yake ni chanjo. Serikali ikaamuru ng'ombe wote wachanjwe.

Watu wa Kiembe Samaki wakakataa.

Kwa nini wakatae kitu cha kuokoa ng'ombe wao? Hebu tujitie katika viatu vyao, au tuseme katika makubadhi yao. Kabla ya sindano palikuwa na josho la lazima kwa ajili ya kupe, na wengi waliamini kwamba josho ndilo linalowaua ng'ombe. Kabla ya josho palikuwa na ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya kiwanja cha ndege. Mkono uliochukua konde ndio huo huo unaokuja leo na sindano, na nyuma yake yuko polisi. Tena mfugaji yeyote anajua kwamba mnyama akichanjwa anaweza kuvimba kidogo pale ilipoingia sindano, akakosa hamu ya kula siku moja mbili. Mwenye ng'ombe aliyeelezwa mapema husema, "Hii ndiyo chanjo inafanya kazi." Asiyeelezwa husema, "Wameniulia ng'ombe wangu."

Wanavijiji walioshikilia msimamo wao walipelekwa mahakamani. Tarehe 30 Julai 1951, walipohukumiwa, umati ulikusanyika kutaka kuwaokoa. Polisi wakapiga risasi, na watu wakafa. Wazee wa Unguja wanaiita siku ile Vita vya Ng'ombe. Wanahistoria hukitaja kisa hicho pia kuwa ni chanzo cha chama cha siasa cha wanakijiji wa pale, ambacho mwaka 1955 kilizaa chama cha ZNP, lakini hiyo ni habari ya kipindi chengine.

Sisi tushike jambo la kilimo. Juu ya kimeta, mabwana mifugo walikuwa sahihi na wanakijiji walikosea. Tuseme hivyo bila ya kuogopa. Lakini mtaalamu anaweza kuwa sahihi juu ya ugonjwa, akawa hajui hata kidogo juu ya watu anaowaletea dawa, na mwisho wake dawa isifike. Hayo ndiyo yaliyotokea. Chanjo ilikuwapo, ng'ombe walikuwapo, na katikati yake palikuwa na maiti.

Sasa angalieni tofauti. Miaka 43 baadaye, katika kisiwa hicho hicho cha Unguja, ng'ombe walihusika tena katika kazi ya kisayansi, na safari hii kazi yenyewe ilikuwa ngeni kuliko sindano yoyote. Adui alikuwa mbung'o, anayeleta ugonjwa wa nagana. Pemba hatuna mbung'o, tumshukuru Mungu, lakini wenzetu wa Unguja aliwasumbua sana. Kwanza wafugaji walileta ng'ombe wao kumwagiwa dawa mgongoni, ili mbung'o akitua afe. Misituni vikatundikwa vitambaa vya buluu vyenye dawa. Kisha kuanzia 1994 ndege zikaanza kurusha mbung'o. Ndiyo, kurusha mbung'o! Walikuwa madume waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi ili wasiweze kuzaa. Jike wa porini akipandwa na dume wa namna hiyo hapati kizazi. Zaidi ya madume milioni 7 walimwagwa juu ya kisiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Fikirini mtu wa Kiembe Samaki wa mwaka 1951 angesema nini angeambiwa kwamba serikali inamwaga mbung'o kutoka angani ili kuwaondoa mbung'o. Kazi ya namna hiyo haiendi bila ya wenye ng'ombe kuwaleta wanyama wao, mara moja na mara ya pili na mara ya tatu, kutiwa dawa na kutolewa damu ya kupimwa. Na mtu halazimishwi miaka yote hiyo kwa fimbo.

Sasa tuje kwenye muhogo, maana hapo ndipo Wambaa inapohusika hasa. Na ili tuuelewe muhogo itatubidi tuvuke bahari kwanza, twende Amani, katika milima ya Usambara, mkoa wa Tanga.

Amani palijengwa kituo cha utafiti na Wajerumani mwaka 1902, kisha kikarithiwa na Waingereza. Huko Usambara ndiko ugonjwa wa batobato wa muhogo ulikoandikwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1894. Na huko Amani, mwaka 1936, mtaalamu aliyeitwa Storey aliandika juu ya ugonjwa mwengine ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Mkitaka kujua kwa nini ugonjwa huu umewasumbua watu wa pwani kuliko wengine, kumbukeni kwamba kwa miaka mingi ulishika zaidi nchi za chini, kando ya bahari, kutoka Kenya mpaka Msumbiji. Sisi tumo katikati yake.

Storey na wenzake hawakuishia kuandika. Waliuoza muhogo na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira ambao majani yake hufanana na ya muhogo. Watoto waliopatikana walikuwa na nguvu za kupambana na ugonjwa lakini hawafai kuliwa. Wakawaoza tena na muhogo, na tena, mpaka wakapata miche yenye nguvu ya mti wa mpira na chakula cha muhogo. Kila mche ulipewa namba. Mmoja uliitwa 46106/27. Mwaka 1957 kazi ile ikafungwa. Mafaili yakawekwa kabatini.

Vitabuni ilifungwa. Makondeni haikufungwa. Baadhi ya mbegu zilikuwa zimekwisha fika kwa wakulima, na mkulima hana habari na kabati. Akiona mbegu inazaa, na muhogo wake ukikatwa ni mweupe, humpa shemeji yake mzigo, shemeji humpa jirani, na mwanamke anayeolewa kijiji chengine huondoka na mbegu pamoja na vyombo vyake. Namba kama 46106/27 haiitiki kinywani, basi watu wakaipa jina. Pwani ya Kenya wakaiita Kaleso. Kusini mwa Tanzania kuna mbegu iitwayo Namikonga. Miaka ikapita zaidi ya 40. Ugonjwa ulipozidi ukali, na hasa ulipotokea upya Uganda mwaka 2004 na kuanza kuteketeza mashamba ya bara ambako zamani haukuwa tatizo, watafiti walianza kutafuta mbegu yenye nguvu. Wakaikuta kwa wakulima. Baadaye walipopima chembe za urithi za mimea hiyo walithibitisha kwamba Kaleso na Namikonga ni mbegu moja, ile ile ya Amani.

Ndugu wakulima, hapa nataka tutulie kidogo. Kituo kilichoizaa mbegu ile kilikwisha acha kazi ya muhogo. Serikali zilibadilika, bendera zilibadilika, mipaka ikawekwa vituo vya forodha. Walioiweka mbegu hai ni watu ambao majina yao hayako katika jarida lolote: akina mama na akina baba wa pwani, kwa kupeana vijiti. Leo Namikonga ni mzazi katika kazi ya wataalamu ya kuzalisha mbegu mpya zinazostahimili michirizi ya kahawia. Basi anayesema kwamba siku ya wakulima ni siku ya mtaalamu kumfundisha asiyejua, ameisoma nusu ya historia tu.

Na je, ingekuwaje kama katika miaka ile ya kati watafiti wangekuwa wakikutana na wakulima kila msimu? Mbegu ile isingehitaji kutafutwa kana kwamba imepotea. Wenyewe walikuwa nayo, wakiila kila siku.

Unguja na Pemba nazo hazikusalimika. Wataalamu waliopita mashambani mwetu katika miaka ya 1990 waliukuta ugonjwa umeenea. Kituo cha Kizimbani, kwa kushirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, IITA, kikaanza kutafuta mbegu zitakazostahimili, na mbegu hizo zikajaribiwa katika mashamba ya wakulima wenyewe. Mwaka 2007 zikatolewa mbegu nne: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Wengi wenu mmezipanda au mmezila.

Lakini kwa nini zijaribiwe katika konde la mkulima, na kwa nini zichimbwe mbele ya watu? Hili si jambo la adabu tu. Ugonjwa wenyewe ndio unaotaka hivyo.

Batobato mtu huiona juani. Jani limekunjamana, lina mabaka ya njano na kijani, mche umedumaa. Hata mtoto anayepita njiani atasema huu unaumwa. Michirizi ya kahawia ni mwizi wa namna nyengine. Mabaka yake ya njano hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kandokando ya mishipa ya jani, na mtu hudhani ni uzee wa jani. Mara nyengine shina huwa na alama za kahawia, mara nyengine halina. Juu mche umenawiri, unapendeza, jirani anausifu. Siku ya kuchimba ndipo unapokata muhogo na kukuta ndani pana ugumu mkavu wa rangi ya kahawia, kama gome. Haupikiki, ukipikwa ni mchungu, na hata mbuzi huusukuma kwa pua. Mwaka mzima wa kazi umekwenda, na mwenye konde alikuwa akiangalia majani akimshukuru Mungu.

Kwa ajili hiyo, mbegu haihukumiwi kwa kuiangalia wala kwa kusoma karatasi. Inahukumiwa kwa jembe na kisu. Na ikichimbwa ofisini peke yake, mkulima hana sababu ya kuiamini hukumu. Ikichimbwa hadharani, kila mmoja kaona kwa macho yake ni muhogo wa shina gani uliokatwa na rangi gani imetokea.

Hapo hapo ndipo mtaalamu naye anapopata faida yake. Chukueni mfano wa muda wa kuchimba. Mtafiti kwa desturi yake huweza kupanga kuchimba mche ukifika miezi 12, kwa sababu ndivyo jaribio lilivyoandikwa. Mkulima wa pwani aliyeumwa na ugonjwa huu mara mbili tatu amekwisha jifunza mwenyewe kwamba uozo huzidi kadiri muhogo unavyokaa ardhini, basi huchimba mapema, mihogo ingali midogo, bora apate kidogo kizima kuliko kingi kibovu. Asipoulizwa, mtafiti ataandika kwamba mavuno ya mkulima ni madogo kwa sababu mbegu yake ni dhaifu au konde lake limechoka. Akiulizwa, ataandika kwamba mavuno ni madogo kwa sababu mkulima anaukimbia ugonjwa. Hesabu ni ile ile, maana ni mbili tofauti kabisa.

Mfano mwengine ni ladha. Pwani ya Kenya kuna muhogo maarufu uitwao Kibandameno. Unashikwa na michirizi ya kahawia upesi sana, na wakulima wanalijua hilo, lakini hawauachi, kwa sababu ni mtamu na sokoni unakwenda. Mtaalamu anayepima uzito peke yake atashangaa kwa nini mbegu yake nzito na yenye nguvu imebaki ukingoni mwa shamba. Siku ya wakulima iliyo na maana huwa na chungu motoni. Mihogo ya kila mbegu huchemshwa mbali mbali, watu huonja bila ya kuambiwa ni ipi, kisha huulizwa. Huu unaiva upesi? Una nyuzi? Unavunjika vizuri ukitiwa nazi? Unatafunika mbichi?

Na anayejua majibu hayo, tuseme kweli, mara nyingi hakukaa mbele. Wanaume tumekaa mbele tumevaa kofia. Aliyemenya muhogo kila siku kwa miaka 30, anayejua kwa mkono tu kwamba huu una kidonda ndani kabla hajaukata, yuko nyuma na mtoto mgongoni, na mara nyengine hakuitwa kabisa. Mabibi shamba wetu wanalijua jambo hili na wamelisema mara nyingi. Mtafiti akitaka kuupata ukweli wa muhogo, awafuate wenye visu.

Mtindo huu wa kujifunza pamoja kondeni una historia yake pia, na haikuanzia kwetu. Indonesia, katika miaka ya 1970 na 1980, wakulima wa mpunga walihimizwa kupiga dawa sana, na kadiri walivyopiga ndivyo mdudu mmoja wa mpunga alivyozidi. Sababu yake ni kwamba dawa iliwaua buibui na wadudu wengine wanaomla yule mdudu. Mwaka 1986 serikali ya huko ilipiga marufuku aina 57 za dawa katika mpunga, na mwaka 1989 zikaanza skuli za wakulima: watu wanakutana bondeni kila wiki, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona, wanajadiliana, kisha ndipo wanaamua. Mtaalamu yupo, lakini kazi yake kubwa ni kuuliza. Afrika ya Mashariki mtindo huo ulifika katika miaka ya 1990, na kuanzia 2007 programu ya serikali ya Zanzibar iliyosaidiwa na mfuko wa IFAD ilizieneza skuli hizo Unguja na Pemba. Waliopita huko wanajua kuhesabu kabla ya kununua dawa.

Hata katika afya tumeona hivyo hivyo, na wenye mabonde ya mpunga hili linawahusu. Kichocho kimepigwa vita Pemba kwa dawa tangu miaka ya 1980, na dawa zilisaidia sana, lakini mtoto aliyemeza dawa leo akirudi mtoni kesho huambukizwa tena. Katika kazi kubwa iliyoanza 2011 ya kujaribu kukitokomeza kichocho Unguja na Pemba, katika baadhi ya shehia watafiti walikaa na walimu, wazazi na watoto kupanga nini kifanyike. Wazazi na watoto ndio waliojua kwa nini watu wanaingia majini: kuoga, kufua, kucheza, na kukosa pa kukojolea. Hapo zikapatikana siku za kichocho skulini, michezo ya kuwaweka watoto nchi kavu, mahali pa kufulia na vyoo vya kukojolea. Hadubini haiwezi kukwambia kwa nini mtoto anapenda maji. Mama yake anaweza.

Basi, ndugu zetu wa Wambaa, tusiwadanganye. Siku ya wakulima ya hotuba na picha peke yake ni hasara ya siku moja ya kupalilia. Msiione haya kusema hivyo. Lakini dawa yake si kubaki nyumbani. Dawa yake ni kuibadilisha siku yenyewe. Muulizeni bwana shamba au bibi shamba wenu mapema: siku hiyo kutachimbwa nini? Konde la nani? Nani atakata, nani ataandika, na karatasi ya hesabu itabaki kwa nani? Akisema karatasi itakwenda Kizimbani, mwambieni vizuri sana, ende nayo, lakini nakala ibaki kwa sheha.

Na mkikubaliana kuchimba muhogo, fanyeni hivi. Chagueni mbegu tatu au nne, na moja kati yake iwe ile mliyoizoea, ili muwe na cha kulinganishia. Kwa kila mbegu chimbeni mashina 10, na yasiwe ya ukingoni mwa konde, kwa sababu ya ukingoni hupata jua na nafasi zaidi na huwadanganya watu. Msichague mazuri, chukueni yaliyofuatana katika mstari. Kila muhogo ukatwe mahali kadhaa, si katikati peke yake, maana uozo huweza kujificha kwenye ncha. Mkataji aseme kwa sauti: mzima, kidogo, nusu, mbovu. Mwandishi aandike kwa wino. Anayejua umri wa konde autaje, na atakayesema "sisi huchimba mapema kuliko hivi" aandikwe naye, pamoja na sababu yake.

Kisha mbegu za kupanda. Kata mbegu kutoka katika mashina ambayo mihogo yake imeonekana mizima ilipokatwa, wala usitazame uzuri wa majani peke yake. Virusi vya ugonjwa huu husafiri ndani ya kijiti kutoka konde hadi konde na kutoka kisiwa hadi kisiwa, na inzi weupe huvitawanya karibu karibu. Mbegu zinazostahimili nazo zinaweza kushikwa. Kustahimili maana yake ni kuzaa juu ya kuumwa, basi nazo zikatwe na kuangaliwa kila msimu. Mbegu iliyoletwa na mgeni kutoka ng'ambo kwa dau, hata kama ni zawadi, pandeni mashina machache mbali na konde kubwa mpaka myachimbe na kuyaona. Mashina yaliyotoa mihogo ya kahawia msiyaache yamelala kando ya njia, kwa sababu yatachipua, na atapita mtu asiyejua akayachukua. Yachomeni moto jioni ile ile, kabla watu hawajatawanyika.